Mbao Zenye Kiu

Mtaa mzima ulijua mume wangu ana wake wawili: mimi, na ile mashua yake ya mbao pale ziwani. Mimi nilipika na kufua. Mwenzangu kazi yake kulala majini na kupakwa rangi kila mwaka. Nilisema mpaka mdomo ukachoka.

"Mtu mzima, kinyozi mwenye wateja wake, saa kumi anafunga duka anakimbilia maji kama bata!"

"Twende basi, bibie. Bata hatembei peke yake."

Na mdomo wote huo, nilikwenda. Nisiwadanganye, nilipenda. Mpiga makasia huipa njia mgongo, kwa hiyo yeye alinitazama mimi, na mimi kwenye kiti cha nyuma nilimtazamia njia. "Kushoto kidogo. Kushoto, nimesema! Wewe, jiwe!" Alicheka, akavuta kasia moja, tukalipita jiwe kwa shubiri moja. Miaka thelathini na moja hiyo. Shule ya binti yetu tuliichagua mle, na hata ugomvi tuliumalizia mle, maana katikati ya maji utanuna uende wapi?

Kisha ini likamwangusha. Hospitali walimpasua, wakamshona, wakaturudishia nyumbani na vidonge vya maumivu. Nikafanya nilichokijua. Mimi ni fundi cherehani, na kwetu sisi adui wa kitu kizuri ni unyevu. Gauni la thamani unalikausha, unalifunika, unaliweka juu. Nikawaita majirani wanne, wakaibeba mashua mpaka uani, nikaipandisha juu ya matofali chini ya bati. Kila asubuhi niliifuta kwa kitambaa kikavu. Miezi saba! Ugonjwa wake sikuweza kuufuta, basi nikafuta mashua.

Dirisha la chumba chake lilitazama barabarani, hakuona kitu. Mara moja aliniuliza kama mashua iko salama.

"Salama salimini," nilimjibu kwa kujidai. Sikueleza zaidi. Nilitaka siku akitoka aikute inang'aa, anisifu.

Jumatatu moja aliamka na sauti yake ya zamani. "Bibie, nataka kupiga makasia. Mara moja tu, halafu sitakusumbua tena."

Binti yetu ni muuguzi. Alinivuta jikoni akafunga mlango. "Mpeleke, mama," alisema. "Usingoje apate nafuu. Nafuu haiji."

Tulimkalisha kwenye kiti kando ya ziwa, blanketi magotini. Majirani wakaishusha mashua majini, nami nikasimama pembeni nikingoja sifa zangu. Maji yakaanza kuingia. Lingekuwa tundu moja ningeliziba hata kwa kanga yangu, lakini yaliingia kila mahali mbao zinapokutana, kulia, kushoto na chini. Hazikupita dakika kumi, ikawa imejaa mpaka kwenye viti.

"Ilikuwa wapi?" mume wangu aliuliza.

"Uani, chini ya bati. Haijaguswa na tone."

Alifumba macho. "Mbao za mashua zinataka kunywa, bibie. Zikikaa na kiu zinasinyaa, zinaachana. Mbona hukuniambia?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nipige tu, mume wangu."

"Nikupige kwa nguvu zipi?" Akacheka kidogo, akakohoa sana. "Itie mawe, izame hapohapo kwenye maji mafupi. Siku sita tu, mbao zitavimba, zitashikana. Nitangoja."

Mawe niliyabeba mwenyewe, kwa mikono hii iliyozoea sindano. Kila jioni aliniuliza kama imeshiba. Siku ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya nne nilimwambia imebaki kidogo sana, naye akaniomba nimkate kucha asije akakwaruza makasia. Asubuhi ya siku ya tano nilimpelekea chai. Ikapoa pale pale kando ya kitanda.

Waliokuja kunipa pole waliniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ya Mungu haina, sawa. Yangu je?

Tulipomaliza kumzika, mimi na binti yetu tulikwenda ziwani. Tulitoa mawe moja moja, tukachota maji kwa ndoo mpaka mashua ikaelea. Nikaingia, nikapapasa kila mahali mbao zinapokutana. Hapapiti maji tena, hata jasho hakuna. Nililia kwa sauti, watu wakageuka. Afadhali ingevuja.

"Mama, shuka. Hujawahi kushika kasia maisha yako yote," alisema binti yetu.

"Niache!"

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaipa njia mgongo kama yeye, nikavuta. Kasia moja lilichota maji, jingine likachota hewa. Tulikwenda mrama, mimi na mke mwenzangu, huku binti yetu akizidi kuwa mdogo pale ufukweni. Niliendelea kuvuta mpaka mashua ilipogonga kitu kwa kishindo na kunitupa magotini. Sikuwa na haja ya kugeuka, nalijua jiwe lile.

"Mbona hukuniambia?" nilikifokea kiti cha nyuma.

Kilikuwa kiti changu.