Pindo la Kaptura

Mwaka ule joto lilianza mapema, na Pasta Masumbuko akaanza nalo. Alisimama mbele yetu kanisani Blacktown, huku ugenini, feni imeelekezwa kwake peke yake, akakataza wanawake kaptura. Mimi husahau mambo machache sana. Nilikumbuka kwamba wiki iliyopita tu nilimkuta dukani ananunua barafu, kaptura ya kuogelea, magoti yote nje. Nikamkumbusha mlangoni baada ya ibada, watu wakisikia. Mkewe, Mama Léonie, akainama kutafuta kitu kwenye mkoba ili asicheke.

Kwa hiyo Darlène alipokuja kwangu Doonside kuniuliza avae nini na raba alizopewa kanisani, nilimvalisha kaptura kwa makusudi.

Darlène alikuwa mgeni, baridi ya nchi hii hata hajaionja. Alitoka kambini Burundi kumfuata dada yake Elvire, aliyehangaika miaka kumtafutia karatasi, akafika dada ameshazikwa. Ni binti mrefu. Mlangoni kwangu huinamisha kichwa. Raba zenyewe zilikuwa rangi ya maziwa, zinafika juu ya kifundo, na kisigino kimefichwa ndani, zile tunazoziita kompanse. Nje mtu anaona kiatu cha michezo, kumbe ndani umepandishwa.

Nilimwambia raba kama hizo ni nzito kwa macho, kwa hiyo asizivalie kaptura ya kubana kama ngozi ya soseji. Nikampa yangu ya kitani, kiuno juu, pindo katikati ya paja, na blauzi nyepesi iliyochomekwa mbele tu. Soksi ziwe zile fupi zisizoonekana, maana soksi ikichungulia inakata mguu, na kazi yote ya kiatu hicho ni kurefusha mguu.

Akafunga kamba, akasimama mbele ya kioo. Nilidhani kioo kimeinama. Pindo lilikuwa linakaribia goti.

Nikaenda kusimama kando yake. Kichwa chake kilifika sikioni kwangu.

"Imenipendeza, yaya?" akauliza. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

Nilisema imempendeza. Nilijiambia ni joto, nimetoka shifti ya usiku ya kutunza wazee, macho yamechoka.

Jumapili aliingia nazo kanisani, na wale waliokuwa wanaimba wakapunguza sauti mmoja mmoja. Darlène ana mwendo wa twiga. Huyu aliyeingia alitembea kwa hatua fupi za haraka, mkono wa kushoto umeshika ubavu. Elvire alitembea hivyo. Pasta alifungua mdomo kwa ajili ya kaptura, akaufunga. Hapakuwa na la kuhubiri, pindo lilikuwa limepita magoti.

Mama Léonie alinivuta jikoni mwa kanisa, akafunga mlango.

Hapa lazima niseme Elvire alikufaje, kwa sababu wengine wanapenda kusema alianguka tu. Alifanya kazi kwenye ghala moja kubwa ng'ambo ya Blacktown, kupanga na kushusha makatoni. Alikuwa mfupi. Ngazi ndogo za kupandia ziliondolewa, zinachelewesha kazi, wakasema. Ndipo akanunua raba kompanse kwa pesa yake ili mkono wake ufike rafu ya juu. Siku moja ya Januari, bati linalia kwa jua, alianguka katikati ya rafu na hakuinuka. Ripoti ikasema aliteleza kwa sababu ya viatu visivyofaa. Nilisimama getini kwao na bango, peke yangu, mpaka polisi wakaniomba niende nyumbani. Bango ninalo bado.

Sasa, kwa ukoo wa akina Elvire, matanga yakiisha nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Viatu havigawiwi. Ndugu wa kike huvipeleka mpaka pale mtu alipoangukia, akaviacha hapo, ili mwenyewe ajue safari imekwisha. Hapa hakuwa na ndugu, kwa hiyo Mama Léonie alivibeba yeye. Ghalani wakamfukuza.

"Walinifukuza kama mbwa, Nsimire. Ningevirudisha nyumbani kwangu, watoto wavichezee?"

"Ukaviweka kanisani, kwenye boksi la misaada ya wageni."

"Nilijua atavichukua mzungu."

"Boksi la wageni, mama. Mzungu gani ni mgeni Blacktown?"

Akaanza kulia. Sikumbembeleza. Nilikuwa nawaza jambo moja: ndugu wa kike alikuwa amepatikana, na viatu vilikuwa vinampeleka.

Nilimweleza Darlène yote jioni ile kwenye sebule yangu. Alisikiliza mikono imekunjwa, miguu haifiki sakafuni. Nilimwambia avivue. Akasema vinamkaa vizuri, na kesho ana kazi.

"Kazi wapi?"

Akataja ghala lile. Wakala gani aliyekuita, nikauliza, wewe hujaandikishwa popote.

"Wananijua pale," akasema. Sauti ilikuwa nzito kidogo, na ile r ya kooni ambayo Elvire aliileta kutoka shule ya masista. Darlène hakusoma kwa masista. Darlène alisoma kambini.

Sikulala. Asubuhi nilimpeleka mwenyewe kwa gari, kwa sababu nilijua nikimfungia atatembea. Redio ilikuwa inaonya watu wasitoke nje kwa ajili ya joto. Njiani nilimtazama pembeni. Kaptura ilikuwa imekuwa suruali, inafika kwenye kifundo. Uso ulikuwa bado wa Darlène, lakini kama uso wa mtu anayekutazama kutoka ndani ya nyumba, kioo katikati.

Getini nilipiga magoti kwenye lami na kufungua kamba. Hakunizuia. Viatu vilitoka, vikiwa vya moto kama vimeanikwa juu ya jiko, lakini yeye hakurudi kimo chake. Alibaki pale mdogo, peku, akitazama mlango wa wafanyakazi.

"Nitachelewa, yaya," akasema. Akapiga hatua.

Nimeona watu wetu wengi wakiingia kwenye milango kama ile. Huyu nilimkalisha garini, nikamfunga mkanda. Mimi si ndugu wa Elvire kwa damu. Lakini ni mimi niliyemwosha kabla ya mazishi, na ni mimi niliyesimama pale na bango. Mguu wangu ni mpana, ila nilipouingiza kwenye raba, uliingia. Nikafunga kamba. Nikiwa nimesimama wima, lami ikanisogelea usoni.

Mlinzi aliinua macho. "Morning, Elvire," akasema, na kufungua.

Ndani palikuwa giza na moto. Sikuwahi kufika humo, lakini sikuuliza njia. Miguu ilikata kulia, ikapita makatoni, ikaingia kati ya rafu mbili za mwisho na kusimama. Mkono wangu ulijiinua wenyewe, ukagusa rafu ya juu kwa ncha za vidole.

Supavaiza alikuja na redio yake ya mkononi kuuliza mimi ni nani. Alitazama viatu kwanza. Redio ikashuka taratibu pajani pake.

Kilichotoka kinywani mwangu sikukijua. Hakikuwa kwenye ripoti, na hakuna aliyewahi kuniambia.

"Niliomba kukaa kidogo, boss. Ulisema mpaka lori liondoke."

Nilitegemea akane, wao hukana siku zote.

"Lori lilichelewa," akasema.

Basi. Hilo tu. Nilivua raba, nikazipanga chini ya rafu, visigino ukutani, na sakafu ikarudi chini mahali pake. Kupitia mlango mkubwa wa malori niliona gari langu, na Darlène amesimama nje yake, mrefu, kaptura katikati ya paja, anainua mguu huu na huu kwa sababu lami inamuunguza. Alikuwa ananiita kwa sauti yake nyembamba.

Supavaiza alikuwa bado pale. Shati lote lilikuwa limelowa jasho. Akashika nguzo ya rafu, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba ruhusa kazini, kama anaweza kukaa.

Nilimpita nikiwa peku. Nikatoka kumfuata Darlène.