Chujio la Egidi

Uji ulikataa kwenda. Emerensiana alibonyeza bomba la sindano kwa kidole gumba, kidogo, kisha kidogo tena, lakini uji ukabaki palepale, ndani ya mpira mwembamba uliopita puani mwa mumewe hadi tumboni. Roho ikamruka.

"Usisukume kwa nguvu," nesi alikuwa amemwonya siku waliporuhusiwa kurudi nyumbani. "Mpira ukiziba, tia maji ya uvuguvugu, vuta, sukuma polepole. Ukishindwa, mlete." Kumpeleka kwa usafiri gani, kwa bodaboda? Tangu kiharusi kimwangushe katikati ya mibuni yake, Egidi hakai bila kuegemezwa, na hata mate yake humpalia. Mpira ule ndio mdomo wake.

Emerensiana alichomoa bomba, akamwaga uji uliobaki kwenye bakuli. Alikosea wapi? Chupa alizichemsha. Blenda aliisuuza kwa maji ya moto. Uji wa mahindi na karanga aliusaga ukalainika, akauchuja kwa lile chujio la chai ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kuchujia chai, kisha akauweka kwenye friji. Majirani walimcheka kwa chujio lile. Wacheke tu.

Ndipo akaona kitu kinang'aa kwenye bakuli. Akakifikicha. Kilikuwa mwiba, mwembamba kama unywele.

"Mama!" aliita. "Njoo mara moja!"

Mama mkwe wake, Bibi Hildegardi, alikuwa amepanda jana kutoka Kihagara, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa huko, kichwani. Tangu aone mbavu za mwanawe alikuwa hajala.

"Mama, umetia kitu kwenye chupa ya friji?"

Bibi alitazama bakuli, akatazama mpira. "Usipa kidogo tu, mkwe wangu. Niliutwanga ukawa unga kabisa. Mtoto wa ziwani atapona kwa mahindi matupu? Mimi nimemlea kwa usipa."

Na Emerensiana, kwa mafua ya baridi hii ya Mbinga, hakuwa amesikia harufu yoyote. Maneno makali yalimfika kooni. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na hofu ilikuwa imemjaa hata hasira ikakosa pa kukaa.

"Mshike kichwa, Mama. Kisianguke nyuma."

Alitia maji ya uvuguvugu, akavuta. Hakikurudi kitu. Akasukuma taratibu, akavuta tena. Maji yakamwagikia shuka. Egidi aliwatazama, mke, kisha mama, kisha mke, halafu akaanza kukohoa.

"Yesu na Maria! Nimemuua mwanangu!"

"Usimwachie, Mama! Mshike!"

Kikohozi kikapita. Emerensiana akainama kuangalia alama ya kalamu iliyochorwa kwenye mpira, pale puani. Haikusogea. Akavuta mara nyingine, na safari hii donge la kijivu likarudi kwenye bomba, likifuatwa na maji. Akasukuma maji mengine. Yakaenda.

Aliweka bomba chini. Akakaa ukingoni mwa kitanda akalia, sasa ambapo hapakuwa tena na cha kulilia.

Bibi Hildegardi aliegemeza kichwa cha mwanawe kwenye mto. Alichukua bakuli, akaenda nalo jikoni, na baada ya muda akauliza kwa sauti ndogo, "Chujio ni hili?"

"Ndilo."

"Na mchuzi tu wa usipa, bila nyama yake, je?"

"Sijui, Mama. Tutamuuliza nesi. Naogopa."

"Hata mimi naogopa, mwanangu."

Bibi alimimina uji ule kwenye chujio, akausugua kwa kijiko, kisha akaliinua dirishani. Miiba ilibaki humo, myeupe, mingi kuliko alivyodhani. Akarudi chumbani nalo, akaketi karibu na mwanawe, akawa anaichomoa mmoja mmoja kwa kucha.

Egidi alifumba macho. Taratibu akageuza uso kuelekea mikono ya mama yake, akavuta harufu ya usipa kwa tundu la pua lililobaki wazi.