Kipupwe ni Nini, Paker?

Lukresia hakuwa mtu wa kusema sijui. Mtaani kwake Karatu, kuanzia kwa padri hadi kwa wauza vitunguu, walimjua kwa redio yake na kwa mdomo wake, na mtu akitaka kupanda maharage alipita kwanza kwake kuuliza hali ya hewa inasemaje. Jambo hilo alilifurahia. Jamani, alilifurahia kupita kiasi.

Mwezi wa tano ulipokuwa ukiishia, redio ikatangaza mwelekeo wa majira yanayokuja. Siku hiyo ugali ulikuwa jikoni na mbwa wanabweka, akadaka mkia tu wa taarifa: kipupwe kitakuwa kikali maeneo ya miinuko. Kisha wakaingia kwenye mpira. Kipupwe! Neno gani tena hilo? Shuleni hakulisikia, na nyumbani kwao waliongea Kiiraqw. Lakini kikali alikijua. Kinachokuwa kikali ni jua, si ndiyo?

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Nareyu wa Endulen, mfugaji, rafiki yake tangu walipolazwa vitanda jirani hospitalini, Lukresia alipojifungua mwanawe Modest. Mwaka ule Nareyu alimpa kondoo jike, na kwa Wamaasai, waliopeana kondoo hawaitani tena majina yao. Huitana Paker. "Jina letu liko zizini mwako," Nareyu alipenda kumtania, "usije ukalichinja sikukuu."

"Paker, redio inasemaje?" akauliza Nareyu. "Huku chini majani yamekwisha. Nataka kupandisha kondoo mlimani, ila wana watoto wachanga, na ukungu wa kule unaua."

"Wamesema kipupwe kitakuwa kikali huko juu."

"Kipupwe ni nini, Paker?"

Hapo ndipo. Angesema tu, sijui mwenzangu, ngoja nimuulize Modest, sasa dereva wa watalii anayeongea na watu wa kila pembe. Basi, yangeisha. Lakini wapi! Mama wa redio aulizwe neno la redio ashindwe?

"Ni jua," akasema, bila hata kumeza mate. "Jua kali. Wapandishe tu."

"Ashe, Paker. Ashe oleng," Nareyu akashukuru, na simu ikakatika.

Jumapili Modest akaja kula. Mama yake akamchokoza: "Nyie vijana wa siku hizi hata kipupwe hamkijui." Modest akacheka hadi akapaliwa.

"Mama, nani asiyekijua? Si ndiyo baridi hii ya mwezi wa sita na wa saba? Watu wa pwani ndivyo wanavyoiita."

Lukresia akalirudisha tonge sahanini. Akapiga simu, haipatikani. Akapiga tena na tena. Nareyu alikuwa ameshapanda, na kule mlimani mtandao hakuna. Akawabembeleza watu wa gari la Endulen wapeleke ujumbe, wakamwambia gari halipandi mlimani. Nje manyunyu yalikuwa yameanza, yale membamba yasiyo na haraka, na ukungu umeshuka hadi kwenye mbaazi. Lukresia akavaa sweta juu ya sweta, na kila baridi ilipompenya aliviwaza vile vikondoo.

Nareyu alikuja siku ya mnada, amekonda. Akaketi pale anapoketi siku zote, akapokea chai ya maziwa, akaishika kwa mikono miwili asiinywe.

"Wameisha, Paker. Watoto wote, na mama zao karibu wote. Asubuhi unawakuta wamelala kwenye majani yaliyolowa, unadhani wamesinzia. Hao watu wa redio ni waongo! Mungu anawaona."

Lukresia angeweza kunyamaza. Redio ilikuwa palepale juu ya kabati, na isingejitetea.

"Redio haikudanganya," akasema. "Ilisema baridi. Mimi ndiye sikujua kipupwe ni nini, nikaona aibu kukuambia. Nisamehe, Paker, nimekuua." Akaangua kilio, mtu mzima mzima.

Kisha Lukresia akakimbilia zizini, akarudi akimburuta kondoo kwa kamba, kizazi cha yule wa zawadi, mnene, ana mimba. Alikuwa amebaki huyo mmoja.

"Mchukue. Nakuomba, mchukue uanze upya."

Nareyu akamshika kondoo sikio, akamtazama kwa muda.

"Unanirudishia?"

"Nakurudishia," Lukresia akasema upesi, akidhani ameulizwa kwa furaha.

Nareyu akaweka chini kikombe kilichojaa, akajifunga shuka, akapokea kamba.

"Nitampitisha mnadani," akasema. "Nyumbani atakaa na nani?"

Alipofika kwenye ua akageuka. Lukresia akainua uso, machozi bado yanamtiririka, akingoja.

"Asante kwa chai, Mama Modest," Nareyu akasema. Miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo.