Hatushushi Giaboksi

Alhamisi asubuhi, mshona mapazia alikanyaga klachi ya gari lake pale langoni, pedali ikaenda moja kwa moja mpaka sakafuni na kulala hukohuko kama mtoto aliyesusa. Akainyanyua kwa ncha ya kiatu, akakanyaga tena. Ikalala tena. Alipojaribu kutia gia ya kwanza injini ikiwa inanguruma, gia zilisaga meno kwa kelele iliyomfanya mama mkwe wake afungue dirisha.

"Nani anachinjwa huko?"

"Gari, mama."

Fundi wa gereji ya kona alikuja na kijiti mdomoni. Hakuinama wala hakufungua boneti. Alikanyaga pedali mara moja tu, akatikisa kichwa kama daktari aliyekuja na habari mbaya.

"Klachi pleti imekwisha. Hapa ni kushusha giaboksi yote. Na gari lenyewe lilivyochoka, ningekuwa wewe ningeliuza hivihivi lilivyo."

Kabla ya jioni simu ikalia. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, fundi amenieleza yote. Yuko tayari kulinunua mwenyewe. Jumamosi saa nne tunakuja na gari la kuvuta."

"Nani amewaambia linauzwa?"

"Sasa utalifanyia nini? Mwanamke na giaboksi wapi na wapi?" Akacheka, akakata simu.

Mshona mapazia akaiweka simu juu ya cherehani. Tangu mumewe afariki, miaka miwili sasa, shemeji huyu alikuwa ameamua ukuta upakwe rangi gani, bomba lipite wapi, hata geti lifungwe saa ngapi. Kila mara alinyamaza, akijiambia ni mambo madogo, yapite. Lakini gari lilikuwa lake, kadi ilikuwa na jina lake, na Jumamosi hiyohiyo adhuhuri mapazia kumi na nane yalitakiwa kutundikwa kwenye wodi ya wazazi. Ya ukuta na bomba alikuwa ameyameza. Hili hakulimeza.

Ijumaa alfajiri akajifunga kanga kiunoni, akatoka uani.

Alianza kama anavyoanza cherehani inapokata uzi: haulizi cha kununua, anauliza kilichogoma ni kipi. Cherehani zake tatu alikuwa amezifungua mwenyewe mpaka skrubu ya mwisho, kwa miaka kumi na mitano, na hakuna fundi aliyewahi kuzigusa. Akajaribu gia injini ikiwa imezimwa. Zote ziliingia laini, kama mkono mfukoni. Akawasha. Hata moja haikukubali.

Akakumbuka gari la jirani lililokwisha pleti kwelikweli. Lile lilinguruma mlimani likabaki palepale. Lake, Jumatano tu, lilipanda mlima huohuo likiwa na marobota sita ya kitambaa. Kwa hiyo klachi ilikuwa inashika vizuri, ila ilikataa kuachia. Na cha kuiachisha ni mafuta, yanayosukumwa na mguu kutoka pampu ndogo ya juu, nyuma ya pedali, mpaka pampu ndogo ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi.

Akafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya klachi kilikuwa kimebaki na tone.

"Yameenda wapi?" akajisemea.

Akapenyeza mkono nyuma ya pedali. Pakavu. Akaweka mawe nyuma ya matairi, akainua gari kwa jeki, akaegemeza stendi mbili za chuma alizoazima kwa mziba matairi, akaingia chini chali. Akavuta kifuniko cha mpira cha ile pampu ya chini. Mafuta yakammwagikia kiganjani.

"Nimekushika, mwizi," akasema, akacheka peke yake chini ya gari.

Kuitoa pampu ile kulitaka boliti mbili, paipu moja na matusi kiasi. Akaifungulia juu ya meza ya kukatia vitambaa, juu ya magazeti. Pistoni ikatoka, na juu yake mpira mdogo usiozidi kifungo cha koti, umechanika mdomo. Ndani, silinda iling'aa, bila mkwaruzo. Giaboksi nzima ilikuwa imehukumiwa kwa kosa la kifungo!

Muuza spea, mzee mwenye miwani miwili kichwani, aliutazama mpira ule kwenye mwanga.

"Fundi wako nani?"

"Mimi."

Mzee akamwangalia, akaenda rafuni, akarudi na mpira mpya. "Basi sikiliza, fundi. Usiuoshe kwa petroli, usiupake oili, utavimba. Mafuta ya breki tu, ndiyo hayohayo ya klachi. Na yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji upesi, yanaibabua."

Saa nane mchana pampu ilikuwa imerudi mahali pake na kikopo kimejaa. Ikabaki kutoa upepo kwenye paipu, kazi ya watu wawili, mmoja juu na mmoja chini. Mshona mapazia akatazama huku na huku. Mama mkwe alikuwa mlangoni, amesimama na mikono kiunoni.

"Unatafuta mguu?" bibi akauliza. "Ninayo miwili."

Akaingia kwenye kiti cha dereva kwa madaha, akaushika usukani ingawa hakuna aliyemwambia aushike.

"Mama, nikisema kanyaga, kanyaga mpaka chini ushikilie. Usiachie mpaka nikwambie. Ukiachia mapema, upepo unarudi ndani."

"Kukanyaga si kazi. Watu nimewakanyaga mimi."

Kule chini, mshona mapazia alikuwa amechomeka kimrija kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili ikizama ndani ya chupa yenye mafuta. "Kanyaga!" Akalegeza skrubu. Mapovu yakatoka yakikimbizana. Akakaza. "Achia!" Bibi akainyanyua pedali kwa kidole cha mguu. Wakarudia, na kurudia, mapovu yakawa machache. Ndipo simu ya bibi ikalia, mguu nao ukaruka. Kwenye kimrija mafuta yakarudi nyuma yakifuatana na upepo.

"Mama!"

"Nimesikia, nimesikia." Bibi akapokea simu. Alikuwa mwanawe, yuleyule shemeji. "Nipo kazini," akamwambia. "Piga baadaye." Akaitupa kwenye kiti cha nyuma. "Tuanze upya, mwanangu. Kosa langu."

Wakaanza upya. Katikati ya kukanyaga na kuachia, bibi akasema kutoka juu, kama anayeongea na kioo, "Baba yao aliendesha miaka thelathini. Siku moja nikamwomba anifundishe. Alicheka mpaka akatoa machozi. Sikuomba tena."

"Ungeomba tena, mama."

"Wakati ule nilidhani kicheko ni jibu."

Mshona mapazia akaifuta spana kwa ncha ya kanga. Jana alikuwa amekatiwa simu kwa kicheko kama hicho. "Kanyaga, mama," akasema. "Kanyaga sana."

Kwenye mara ya ishirini na kitu hapakuwa na povu hata moja. Bibi akapiga kelele, "Inanisukuma! Pedali inanisukuma mguu!" Gari likashushwa, injini ikawashwa. Gia ya kwanza iliingia bila neno. Ya pili. Rivasi.

Jumamosi saa nne kamili gari la kuvuta liliziba lango. Shemeji akashuka, fundi akashuka na kijiti chake. Walikuta mapazia yamepakiwa, injini inanguruma, na bibi ameketi mbele amejifunga mkanda.

"Linawaka?" shemeji akauliza.

"Kuwaka liliwaka siku zote," akasema mshona mapazia. "Sasa linaingia gia pia."

Fundi akakunja uso. "Nani ameshusha giaboksi?"

"Hakuna. Ulikuwa mpira mdogo wa pampu ya chini. Ungeinama ungeuona."

Kijiti kikahama upande wa pili wa mdomo. Shemeji akageukia dirisha la bibi. "Mama, shuka tuzungumze. Haya mambo ya magari—"

"Sishuki. Na ukija tena kuuza cha mwenzio, nitakuuliza mbele za watu ni nani aliyekutuma, maana mimi niliyekuzaa sikukutuma. Mwambie huyo dereva aondoe gari lake, tunachelewa wodini."

"Shemeji," akasema yule mdogo wa marehemu, akizungukia dirisha la dereva, "mimi nilikuwa nakusaidia tu."

"Ukitaka kunisaidia, niulize kwanza. Kuanzia leo, niulize."

Akapiga honi ndefu. Gari la kuvuta likarudi nyuma, dereva wake akiuma midomo asicheke. Mshona mapazia akakanyaga klachi, akaachia taratibu, wakatoka.

Mpaka saa tisa mapazia yote kumi na nane yalikuwa yananing'inia wodini, ya kijani, yamenyooka. Bibi alihesabu pete na kugombana na ngazi. Paja la kulia lilimuuma siku tatu kwa kukanyaga, kwa kuwa klachi hukanyagwa kwa mguu wa kushoto, naye alitumia wa kulia, na kila aliyemuuliza kwa nini anachechemea aliketishwa chini akasimuliwa habari ya pampu mbili, ya juu na ya chini, bila kuruka hata povu moja.