Gramu Moja Nukta Nane

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, Timoth aliweka gramafoni ya kigango juu ya meza ya fundi Oktavia, Makambako, ng'ambo ya reli. Kwenye mkia wa mkono wa gramafoni kulining'inia kufuli lililofungwa kwa waya. Juu ya kichwa chenye sindano zilibandikwa sarafu mbili kwa gundi.

"Kamwene, fundi," alisema Timoth, katibu wa kamati ya jubilei. Kisha akamgeukia mama aliyeketi kwenye kigoda dirishani. "Shikamoo, Mama Hyasinta."

Hyasinta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na kila Jumanne alikuja kwa binti yake Oktavia kwa basi la kwanza kutoka Njombe. Hakuwa na sauti. Wafu wa upande ule huja bila sauti, kwani sauti hubaki pale ilipohifadhiwa, na ya kwake ilikuwa kwenye santuri ya kwaya ya mwaka 1976. Mgongo wake ulikuwa umepinda kama mundu. Alizikwa akiwa amenyooka.

Santuri yenyewe ilibaki moja tu, na Timoth alikuja nayo. Ilikuwa na wimbo wa mavuno ya ulezi, ambao Hyasinta aliutunga. Lebo ilisema mtunzi ni Mwalimu Yohanes, aliyeongoza kwaya. Jumapili wimbo ungepigwa kanisani na jina la mtunzi lingetoka katika kijitabu cha jubilei. Oktavia alikuwa ameiandikia kamati barua mbili akitaka jina lisahihishwe. Kamati ilimjibu kwamba alete ushahidi.

"Kufuli hili kafunga nani?" aliuliza Oktavia.

"Rabson, kijana wa kwaya. Uzito wa nyuma ulipotea, akajaribu kufuli, mkono ukalala sawa."

"Ukiwa umesimama. Hata gari bovu halina kosa likiwa limeegeshwa."

Timoth alicheka. "Basi sindano ikawa inaruka, tukaongeza sarafu. Bado ikaruka. Tusamehe, fundi, sisi tumezoea kupima viazi."

Oktavia alimweleza kama anavyowaeleza wote, bila kupandisha sauti. Uzito mdogo ulio mbali husawazisha mkono sawa na uzito mkubwa ulio karibu na mhimili, lakini ule wa mbali huufanya mkono uwe mgumu kupanda na kushuka. Santuri hii ilikuwa imejikunja ukingoni. Sindano ilipofika kwenye mkunjo ilirushwa juu, ikatua mbele. Sekunde nane za mwanzo hakuna aliyezisikia tangu kufuli lifungwe. Sarafu hazikuzuia kuruka. Ziliikandamiza tu sauti.

Alikereza kipande cha shaba njano cha gramu mia moja na kumi, kifupi na kinene. Tundu alilitoboa juu ya katikati, ili sehemu kubwa ya uzito ining'inie chini, karibu na usawa wa sindano. Alikisukuma hadi jirani na mhimili. Kisha akabandua sarafu.

Ya kwanza ilipotoka, mabega ya Hyasinta yaliinuka. Ya pili ilipotoka, alisimama kutoka kwenye kigoda, akanyooka.

"Kumbe mama ni mrefu hivi," alisema Timoth, akimtazama kwa kuinua kidevu.

"Alikuwa mrefu siku zote."

Oktavia aliusawazisha mkono mpaka ukaelea, akauzungusha uzito taratibu, akapima. Sindano ililemea gramu moja nukta nane. Akaiteremsha ukingoni. Mkono ulipanda mkunjo na kushuka nao, na sauti ya mwanamke kijana ikasema:

"Wimbo huu nimeutunga mimi, Hyasinta, nikipalilia viazi."

Kwaya ikaingia. Dirishani, midomo ya Hyasinta ilikuwa ikienda na maneno.

"Ushahidi huo," alisema Oktavia.

"Nimeusikia, hauna hata mkwaruzo. Lakini kamati inafuata maandishi, dada. Hii ni sauti."

"Ya mtunzi."

"Ya mtunzi, sikatai. Lebo ndiyo yenye maandishi."

Oktavia aliurudisha mkono, akapima tena: gramu moja nukta nane. Mkoa mzima haukuwa na mkono mwingine uliokaa hivyo, na alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake.

Jumapili, saa nne na nusu, santuri ilipigwa kanisani kupitia spika mbili. Sekunde nane zilisikika mpaka nje, kwa waliokosa viti. Baadhi ya wazee waliitikia, "Amina." Wimbo ulipokwisha, Timoth alifungua kijitabu ukurasa wa sita, akasoma jina la mtunzi: Mwalimu Yohanes. Waumini walipiga makofi. Hyasinta, aliyesimama wima kwenye benchi la tatu, hakupiga.