Hewa Kwenye Breki

Tangu Jumapili mimi na mume wangu tulikuwa hatusemeshani. Kisa, paipu za breki. Zilikuwa zimeliwa na kutu, nikasema gari liende kwa fundi. Yeye akasema atazibadilisha mwenyewe, hapahapa uani. Nikacheka, tena mbele ya shemeji. Basi akanuna, na mimi nikaona afadhali, nyumba itapoa.

Paipu mpya alishazifunga, ikabaki kutoa hewa. Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini kwenye gurudumu anafungua skrubu, mafuta ya breki yanatoka na mapovu yake, anaifunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani. Watu wanaoelewana huambiana kanyaga, achia. Sisi tulikuwa na spana. Akigonga mara moja, nakanyaga. Mara mbili, naachia. Ndiyo ndoa hiyo.

Magurudumu matatu yalienda vizuri. Kwenye la mwisho nimekanyaga, nikasikia ko, ko. Nikaachia. Kumbe spana ilikuwa imemponyoka, ikadunda kwenye saruji. Nilimsikia akiipapasa chini ya gari, akaguna, akafunga skrubu. Nilipokanyaga tena, pedali ilizama kama nimekanyaga mto wa kulalia.

Nikajua hewa imerudi. Yeye akateremsha jeki, akaanza kufuta mikono. Kila mtu anajua pedali hujaribiwa kwanza, lakini kiti nilikikalia mimi, na kuniomba nimpishe kungekuwa kunisemesha. Na mimi je, nianze mimi? Aliyenuna ni nani? Nikashuka nimebana midomo, nikijiambia atajaribu tu, hawezi kuacha.

Hapohapo binti yetu akatoka ndani na mkoba wa kazini. Ni muuguzi, na zamu yake ilikuwa inamsubiri.

"Baba, tayari?"

"Tayari, mwanangu. Endesha bila wasiwasi."

Geti lilikuwa wazi. Nje yake ni mteremko mtupu hadi barabara ya malori. Binti akawasha gari, akaachia hendibreki, na magurudumu yakaanza kuzunguka. Ulimi wangu ulikuwa mzito, Mungu anisamehe, ulikuwa mzito kwa kiburi tu.

"Simama!" nikapiga kelele. "Breki ina hewa! Vuta hendibreki!"

Nilimwona akikanyaga, akikanyaga tena, uso ukimbadilika. Kisha akavuta. Gari likasimama pua ikiwa nje ya geti.

Mume wangu alikaa chini palepale.

"Niliachia mapema," nikamwambia. "Nilidhani umegonga."

"Na mimi sikujaribu," akasema. "Nilikuwa naona tabu kukuambia unipishe."

Tulilisukuma gari ndani watu watatu. Binti akapiga simu kazini kwamba atachelewa, akachuchumaa kwenye gurudumu kushika chupa ya kukingia mafuta. Mimi nikarudi kwenye kiti. Spana ya kugongea sikuisikia tena.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapohapo. Haya, achia."

"Nimeachia."

Pedali ikawa ngumu, ikagoma juu. Yeye hakunyamaza. Kanyaga, achia, na mimi naitikia.

"Baba," binti akasema, "mbona mapovu yameisha kitambo?"

"Wewe shika chupa," akamjibu. "Mke wangu, kanyaga."