Mjomba Burhan Amfuata Twaibah

Mwaka 1996, bila kuombwa na mtu yeyote, mjomba wangu Burhan alijitangaza kuwa mpelelezi wa kujitegemea. Kazi yake ya halali ilikuwa kutengeneza redio katika kibaraza cha duka la zamani mjini Jinja, lakini redio zilikuwa hazimtoshi tena. Alikwisha kufumbua kesi mbili, ya kuku wa jirani aliyepotea na ya sufuria ya jirani mwingine iliyonukia vizuri, ambazo baadaye zilionekana kuwa kesi moja.

Kwa sifa hizo aliitwa na Sajini Bakhit, askari mstaafu mwenye vyumba vya kupangisha, mtu aliyezungumza na kila binadamu kana kwamba amesimama kwenye gwaride. Bakhit alikuwa amepeleka posa Mbale kwa Twaibah, muuza vitenge wa Namatala, na wiki zilikuwa zinapita bila jibu. Kwamba huenda mwanamke hamtaki, hilo halikumpitia akilini. Alihitimisha kwamba lazima yupo mwanaume mwingine.

"Wewe nenda Mbale," alimwambia mjomba. "Huyo mtu mtafute. Mimi nataka jina."

Mjomba akaenda, amevaa koti zito la kijivu na miwani ya jua ili asitambulike. Namatala ni mtaa wa vibarua, wanaume wanashinda wakibeba magunia na mashati yametoboka mgongoni. Kabla ya saa sita mchana hata mbuzi walikuwa wanamtambua.

Jioni Twaibah alifunga kibanda chake, akapanda baiskeli ya boda boda kwenda Nabuyonga kwa dada yake. Mjomba akapanda nyingine, akamnong'oneza mwendeshaji amfuate yule mwanamke, ila kwa mbali. Kwa bahati mbaya waendeshaji wale wawili walikuwa marafiki, tena walikuwa wameachana asubuhi katikati ya ubishi wa mpira. Wa mjomba akakanyaga pedali mpaka akamfikia mwenzake, na baiskeli zikaendelea ubavu kwa ubavu. Twaibah, kama wanawake wote wa pale, alikuwa amekaa upande, miguu pamoja. Basi njia nzima mpelelezwa alikuwa anaelekeana na sikio la mpelelezi.

Walipofika daraja la Nabuyonga, Twaibah aliuliza, "Unakwenda wapi, bwana?"

"Napita tu."

"Mimi pia napita. Vua koti basi, utaiva."

Hakuvua. Kesho yake akachagua mwendeshaji mwingine, mzee asiyependa mpira. Huyo naye akawa shemeji wa mwendeshaji wa Twaibah, na walikuwa na habari za msiba za kupeana. Ikawa hivyo kila jioni. Mpelelezi wa kawaida angebadilisha mbinu. Mjomba alibadilisha soksi, akaanza kujipaka mafuta ya nywele, na taarifa zake kwa Bakhit zikawa zinaeleza zaidi namna mtuhumiwa anavyocheka.

Hatimaye alikumbuka kazi, akamhoji Nambozo, mama aliyekuwa akichoma mahindi mkabala na kibanda cha vitenge. Je, Twaibah ana mwanaume?

Nambozo alisema yupo, mtaa mzima unamjua. Ni mtu wa Jinja, anavaa miwani myeusi hata mvua ikinyesha, na koti la kumpikia mtu. Humsindikiza Twaibah kwa dada yake kila jioni.

"Ana nia ya kweli?" aliuliza mjomba.

"Koti lile, kwa jua hili? Huyo ana nia."

Hapo ndipo kesi ilipofumbuka. Mjomba mwenyewe hakanushi kwamba alikuwa mtu wa mwisho Namatala kuifumbua. Alivuka barabara, akamwambia Twaibah yote: Bakhit, posa, upelelezi. Twaibah aliendelea kukunja vitenge. Kwamba anapelelezwa alikuwa anajua tangu siku ya pili, mwendeshaji wake alikwisha kumweleza.

"Afande anataka jina," alisema. "Kampe. Ukishampa, rudi tuzungumze. Ukiogopa, baki huko huko Jinja, na mimi nitamjibu mwenyewe ninavyojua."

Mjomba alirudi Jinja. Bakhit alikuwa ameketi uani, wapangaji wakifua. Mjomba alitoa taarifa kwa utulivu wa kitaalamu. Mtu yupo. Ni fundi, ni mtu wa hapa hapa.

"Jina," alisema Bakhit.

Mjomba angeweza kutaja jina lolote, Jinja ina mafundi wengi. Alivua miwani.

"Burhan, afande. Mtoto wa Isa."

Wapangaji waliacha kufua. Bakhit akamwamuru aruke kichura kutoka bombani hadi getini na kurudi. Mjomba aliruka, na koti lake. Aliporudi akaulizwa kama anajuta. Akasema hapana, afande. Akaambiwa arudie. Alirudia, akaulizwa, jibu likawa lile lile, ila sasa bila pumzi. Safari ya tatu alianguka karibu na beseni la mpangaji mmoja, akainuka mwenyewe, akamalizia.

"Hapana, afande," alisema kabla hajaulizwa.

Bakhit alishusha pumzi. "Mimi ningejuta ule mzunguko wa kwanza," alisema. "Toka hapa."

Kesho yake mjomba aliteremka Mbale akitembea ametanua miguu, hatua moja moja. Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka wa tohara za Wagisu, wenyeji wa Mbale, na mjini vijana wengi walikuwa wanatembea vivyo hivyo kwa fahari. Wazee wasiomfahamu walimpongeza kwa kuwa mwanaume, wakisikitika tu kwamba amechelewa kidogo. Mjomba alipokea pongezi zote. Kueleza kungechukua muda.

"Ulimpa?" aliuliza Twaibah.

"Nilimpa."

"Basi kaa, useme lililokuleta."

"Siwezi kukaa."

Twaibah alimtazama kuanzia magotini kwenda juu, akaweka kitenge chini. Mjomba akasema akiwa wima, ameshika nguzo ya kibanda kwa mikono miwili, na jibu la ndiyo akalipata kabla Nambozo hajageuza mahindi.